Selule Suche kwa Miguu ya Babu Tajudini

Jumanne, 1 Julai 2025

Sikukuu ya Uhuru, na mi niko na hasira. Asubuhi Babu Tajudini alitoka, kanzu safi, kofia safi, akasema anaenda kusikia fanfare, bendi ya tarumbeta. Hatua themanini! Nilizihesabu kutoka dirishani. Halafu vigimbi vikamubana, akatafuta pa kukaa. Akakaa wapi? Juu ya kreti ya bia, mbele ya buvette, baa ndogo ya jirani. Alhaji muzima, miaka sabini na tatu, alama ya sijda kwenye paji la uso, juu ya kreti ya bia! Na nani akapita saa ileile? Shangazi Kudra, mutoto wake wa kwanza, anatoka Rumonge kutusalimia. Yampaye inka, Mungu wangu!

Mukutano wa familia umeanza kabla chai haijapoa. Shangazi amesema baba yake hatazeekea kwenye kreti. Kwake Rumonge musikiti iko mulango kwa mulango, atamuchukua. Babu akajibu kwamba Rumonge anaijua: samaki, jua, na watu wanaolala saa mbili kama kuku. Kelele. Mama akalia kidogo. Mwisho wamekubaliana hivi: Babu ana muda mupaka Ijumaa ya mwisho ya Agosti. Siku ile atoke hapa kwetu Mutakura aende musikiti kwa miguu yake, bila kukaa, bila kushikwa mukono. Akishindwa, Rumonge.

Nimeenda kupima. Hatua mia sita na arobaini. Babu ana themanini.

Akienda, nani ataniita "mke mudogo"? Nani atanitetea nikifungua redio ya Mama nione ndani kuna nini? Apana. Mi Houda nitapata dawa. Diplôme sina. Lakini simu zote za mutaa huu nimezifungua peke yangu bila kufundishwa na mutu, na nyingi ziliwaka tena.

Jumatano, 2 Julai

Kliniki, Mutanga Nord. Essence ya magari hakuna, wiki ya tatu. Nilimuletea Babu mutu wa baiskeli, akakataa. Amesema yeye si mukungu wa ndizi. Jirani akatupeleka na tone lake la mwisho.

Docteur Sylvère ni mupole, sauti ndogo. Alimupima Babu pressure kwenye mukono, halafu kwenye kifundo cha muguu! Sijawahi kuona. Akasema mishipa inayopeleka damu miguuni imekuwa nyembamba, kama bomba iliyojaa uchafu. Ndiyo sababu vigimbi vinalia akitembea na vinanyamaza akisimama. Akaandika vidonge. Akasema sigara basi. Halafu akasema (ngoja kwanza mi nivute pumzi) atembee. Kila siku! Ikiuma sana asimame, ikipoa aendelee.

Nje Babu akaniuliza ni docteur wa namna gani, unaenda kumwambia huwezi kutembea, anakujibu tembea. Na hakuna sindano! Hata mbuzi akipelekwa kwa veterineri anachomwa moja. Na hakuna masharti: hakuna "usile hiki", hakuna "usivuke maji". Dawa bila masharti ni pipi. Hapo niko upande wake kabisa.

Binamu yangu Ilias alitufuata, mutu hakumuita. Yuko mwaka wa pili shule ya unesi, anavaa blouse nyeupe, koti ya kliniki, hata akienda kununua nyanya. Amesema docteur ana haki, anasema kweli. Kwa Ilias kila mutu mwenye blouse ana haki.

Babu amewasha sigara mbele ya geti ya kliniki.

Alhamisi, 3 Julai

NIMEPATA!

Simu ya muteja ilikuwa na mega za kutosha, nikaijaribu kidogo. Nimeona video kumi na moja. Selule suche, seli shina! Kumbe ndani ya mufupa, kwenye uboho, kuna selule ndogo ambazo bado hazijachagua kazi. Zinaweza kuwa damu, zinaweza kuwa mushipa. Kama mi, zimebakia wazi kwa kila kitu! Wazungu wanazitoa kwenye mufupa wa nyonga, wanazichoma kwenye vigimbi, pale zinajenga vinjia vipya vya damu. Vinjia vipya! Barabara imeziba, unapita uchochoroni. Hata mutu wa Kinama, mutaa wa jirani, anaelewa.

Kuna sindano. Babu atafurahi.

Ijumaa, 4 Julai

Mutanga Nord kwa miguu, peke yangu. Nimemuambia Docteur Sylvère niko tayari. Achukue nyonga yangu, ya kushoto au ya kulia, mi sichagui, uboho wangu ni wa miaka ishirini na moja, haujatumika. Wagonjwa wote kwenye benchi wakageuka kuniangalia. Muzee mumoja akanipigia makofi.

Docteur hakucheka, au alicheka kwa ndani. Amenifafanulia. Moja: kwa kawaida wanachukua uboho wa mugonjwa mwenyewe, si wa mujukuu wake. Mbili: bado wanaifanyia utafiti, hasa kwa wale ambao muguu uko karibu kukatwa. Wengine wamesaidika, wengi haijulikani. Tatu: wale wanaoiuza kwenye mutandao kama kitu ya hakika, niwakimbie. Nne: hapa haipo. Tano: Babu hajafika huko, na asifike, kwa hiyo aache sigara na atembee.

Tena kutembea! Huyu mutu ana wimbo mumoja.

Lakini mi nimeshika neno lake: uboho. Na uboho mi najua unakaa wapi.

Jumapili, 6 Julai

Muuza nyama wa sokoni simu yake ilikuwa imekufa. Nimeifufua. Malipo: mifupa ya ng'ombe, ile minene ya muguu, kila siku mupaka Agosti iishe. Mifupa ya MUGUU! Selule zinazojua kazi ya miguu tangu kuzaliwa!

Ilias akaingia wakati naweka sufuria kwenye imbabura, jiko letu la makaa. Akacheka mupaka blouse ikachafuka makaa. Amesema tumbo linasaga kila kitu, haliwezi kutuma selule ya ng'ombe kwenye muguu wa Alhaji. Nikamuuliza maziwa ya ng'ombe je, hayakumukuza yeye? Akarukia hoja nyingine: amesema hata hivyo, ukichemusha selule zinakufa.

Hiyo kweli. Nimefikiri sana. Asante, Ilias, umenisaidia bila kutaka. Nimetoa sufuria kwenye moto mapema. Supu ya vuguvugu. Uboho bado unatetemeka, mubichi, wa pinki, muzima.

Babu ameukunywa wote kwa bismillahi. Amesema una ladha ya mutu aliyesahau kitu.

Jumatatu, 7 Julai

Habari nzuri: Babu amekimbia!

Habari ya pili: alikuwa anakimbilia choo. Mara tisa tangu alfajiri. Kutoka chumba chake mupaka choo cha uani ni hatua ishirini na mbili, kwenda na kurudi arobaini na nne, mara tisa. Mia tatu tisini na sita! Nimeandika kwenye daftari ya matibabu.

Mama haangalii mambo kisayansi. Amemupa Babu maji ya chumvi na sukari, na mi amenifukuza jikoni na sufuria yangu, na ameapa kwamba mufupa mwingine ukiingia nyumba hii utatoka na mutu. Ilias alikuja "kwa bahati" na termometa.

Babu hakunikasirikia. Alilala ubavu, akanong'ona: mke mudogo, mara nyingine pika.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata laboratwari mupya. Mawazo, yule mama wa Uvira anayepika chakula mwanzo wa Kinama, ana jiko kubwa na hana Mama yangu. Nikamuambia mifupa yangu, moto wake, nusu ya supu auzie wateja. Akaniambia weye Houda, ukiua mutu hapa kwangu nitasema sikujui hata jina. Tumekubaliana. Supu inachemuka sasa masaa matatu. Selule dhaifu zinakufa, ni kweli, lakini zile zinazobaki ni za kijeshi.

Baba yake Mawazo ni Muzee Cirimwami, rafiki wa Babu wa ikibuguzo, ule mchezo wa ubao na kete. Miezi mine hawajaonana, sababu ya miguu ya Babu na, siku hizi, kukosa essence. Wakati Babu alisikia, akakaa wima kitandani. Mara ya mwisho Cirimwami alimupiga mara sita mufululizo, halafu akawaambia watu wa Kinama wote.

Ila shida: supu haiwezi kuja hapa, Mama ameapa. Basi Babu ataenda kwenye supu. Hatua elfu moja mia tisa. Ni mbali, lakini kitu gani nitafanya? Nimeigeuza kuwa sharti! Sasa dawa ina masharti yake kamili, nimeyaandika na bic nyekundu:

Uje kwa miguu, selule hazipendi mutu aliyebebwa. Muguu ukiuma simama, usikae, hesabu mupaka uchungu uishe, endelea. Sigara haramu tangu kuamuka mupaka kulala, moshi unazipofusha. Vidonge vya docteur ruhusa, havizuii kitu. Na usimuambie Ilias.

Babu alisoma mara mbili. Macho yakamulika. Akasema: hii sasa ni dawa.

Leo alitumia saa moja na nusu kufika. Alisimama mara ishirini na tatu. Nilibeba kiti, kwa ajili yangu mwenyewe, nilichoka kumungoja.

Jumapili, 20 Julai

Hatua mia moja na sitini bila kusimama! Mara mbili ya mwanzo! Selule zimefika kwenye vigimbi, nimegusa, kuna joto.

Sigara: siku ya kumi bila hata moja. Anatafuna mubuyu na kutukana. Jana alimuita Ilias "mutungi wa dawa ya meno." Hakuna maana yoyote, lakini nilifurahi sana.

Ilias anashuku. Amenisimamisha mbele ya kioski akauliza Babu anaenda wapi kila asubuhi. Nikasema kwa rafiki. Akasema vizuri, kutembea ndiyo dawa. Nikatabasamu kama mutu anayejua siri ya serikali. Maskini Ilias. Miaka miwili ya shule.

Jumanne, 5 Agosti

Balaa. Leo ng'ombe hakuna sokoni, mifupa hakuna. Mawazo amepika maharage tu. Nilikuwa natoka jasho: siku bila selule! Sikumuambia Babu. Na alitembea hatua ngapi bila kusimama? Mia mbili na tisini! Rekodi!

Nimekaa na daftari mupaka nimeelewa. Selule za jana zimezaa. Zinajizalisha zenyewe huko ndani. Dawa yangu iko mbele kuliko hata video zilivyosema!

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi kazi za pamoja. Mutaa wote na majembe, tunasafisha mitaro, na mutu haruhusiwi kuzunguka mupaka zimalizike. Babu akajitokeza na fimbo, kofia mbele, anaenda Kinama. Chefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, akamuuliza anakwenda wapi. Babu akasema kwamba yeye kazi yake ya pamoja ni na miguu yake, zamani hawakusikilizana. Watu wakaangusha majembe kwa kicheko. Chefu akaagiza wamupishe.

Na wakati wamesimama hivyo, wakamuhesabia! Kwa sauti, mutaro muzima, kama watoto wa primaire: mia tatu kumi... mia tatu hamsini... Alipofika kona, mia mine na saba, ndipo akasimama kushika ukuta. Vigelegele. Mi nililia ndani ya mutaro, nikasingizia vumbi.

Bado mia mbili thelathini na tatu, na siku kumi na tatu.

Wazee watatu wamenifuata wakiuliza Babu anakunywa nini. Nimewaambia kwa sauti ya chini: selule. Jumatatu wanaanza, masharti yaleyale.

Jumatano, 27 Agosti

Nimeshikwa na bumbuazi.

Nilifika kwa Mawazo mapema kuliko kawaida, nikapitia nyuma, na nikaona kwa macho yangu. Babu anacheza kete kwa mukono wa kuume. Kwa mukono wa kushoto anasukuma bakuli la supu chini ya meza. Na nani analipokea? Muzee Cirimwami! Analikunywa lote, anapangusa midomo, anarudisha bakuli tupu.

Nikapiga kelele. Babu hakushituka hata kidogo. Amekiri kwamba hajakunywa tone moja tangu ile siku ya choo. Tone moja! Amesema alikuwa hataki kunivunja moyo, na pia Cirimwami akishiba anacheza vibaya. Anamupiga sasa mara kumi na moja kwa nne.

Nikamuuliza basi kwa nini anakuja hapa kila siku, kilomita nzima na zaidi, jua kichwani? Akaniangalia kama mi ndiye muzee. Akasema: kumupiga Cirimwami.

Cirimwami, yeye, anasema miguu imekuwa mizito siku hizi na shati halifungi.

Nimekosa usingizi wa muchana. Halafu nimeelewa, Alhamdulillahi! Harufu! Karibu mawiki saba Babu amekaa juu ya ule mvuke. Selule ndogo sana, zinapita puani. Na Cirimwami amezidisha dozi.

Ijumaa, 29 Agosti

Siku ya hukumu.

Shangazi Kudra alishuka asubuhi na valizi tupu kwa ajili ya nguo za Babu. Tupu! Aliiweka mulangoni ili tuione. Babu akairuka. Hakuipita pembeni, aliiruka.

Tulimufuata nyuma, mi, Mama, Shangazi, Ilias na blouse, wazee wangu watatu na fimbo zao. Mia moja, sawa. Mia tatu, sawa. Mbele ya buvette mutu alimusogezea kreti kwa utani, Babu akamwambia akae yeye, anaonekana amechoka. Mia tano, pua imeanza kupumua kwa nguvu. Mia tano na themanini, muguu wa kushoto ukaanza kuburuta. Nilitaka kukimbia na bakuli angalau anuse. Ilias alinishika mukono akanizuia. Shangazi alikuwa anasoma dua chini chini, na nikagundua hakuwa anaomba ashindwe.

Babu alisimama. Wima, hakukaa, hakushika mutu. Sharti linaruhusu. Alihesabu kwa midomo. Halafu akaenda: mia sita, mia sita ishirini, mia sita arobaini, ngazi ya musikiti!

Shangazi Kudra alipiga kigelegele mbele ya musikiti, siku ya Ijumaa, wanaume wote wanatazama. Halafu akaziba mudomo. Halafu akapiga kingine.

Jioni alipakia kwenye ile valizi unga, majani ya chai na mukungu wa ndizi, akarudi Rumonge. Babu akamwambia asalimie samaki.

Jumatatu, 1 Septemba

Docteur Sylvère. Tumeenda kwa miguu, tumesimama mara sita tu. Amemupima tena, mukono, kifundo, akamutembeza kwenye koridoro, akafurahi kabisa. Amesema mishipa bado ni nyembamba, lakini miguu imejifunza kutumia damu vizuri, na kazi hiyo imefanywa na kutembea kila siku, kuacha sigara, na vidonge. Asiache hata siku moja.

Nikamuambia ukweli wote: uboho, masaa matatu, mvuke. Akavua miwani. Akasema kama Babu angekuwa anaikunywa, yale mafuta yangemuharibia mishipa zaidi, na yule muzee anayeikunywa aletwe hapa haraka. Ilias, aliyekuwa ametufuata tena, akaguna "umesikia?"

Nimesikia. Nimesikia docteur anauliza nilichemusha masaa mangapi. Mara mbili ameuliza. Mutu hauliziulizi hivyo kama hataki rechete, namna ya kuipika.

Jumanne, 2 Septemba

Wazo kubwa kuliko yote!

Wazee wangu wamekuwa tisa. Wote wanaendelea vizuri, wote wanasifu, na wote wana lalamiko moja: Kinama ni mbali. Wanachoka njiani! Ni kweli, nimewatesa, na nilifanya vile kwa sababu ya Mama na sufuria tu. Matibabu makubwa hivi, halafu mugonjwa atembee? Ni aibu.

Nimeongea na Jérémie, anayepitisha mikate na baiskeli kila alfajiri. Kuanzia leo selule zinaenda nyumbani. Termosi moja kwa kila mulango. Muzee hainuki kwenye kiti, anafungua, ananusa, anapumuzika. Sharti la miguu nimelifuta na bic nyekundu.

Nimeanza na Babu, kwa heshima. Saa moja asubuhi nilisimama uani na termosi yake, nikamuambia mateso yameisha, akae. Akachukua fimbo, akasema Cirimwami anamungoja, akatoka. Nikamufuata na termosi. Nilimuita mupaka kwenye kona. Nilikimbia. Nimekimbia mupaka kichomi kikanishika ubavuni, nikakaa kwenye kreti ya buvette, na kofia yake ilikuwa imeshapotea upande wa Kinama.

Mugonjwa mukaidi! Ataharibu matibabu yote kwa kutembeatembea hovyo.